Mapacha wa kondo moja, wiki ya 32: kwa nini usisubiri uchungu ng'ambo ya mto

Swali

Shikamoo dokta. Nina miaka 34, naishi Mwera, ng'ambo ya mto Pangani. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kwa njia ya kawaida. Sasa nina mapacha, wiki 32. Nimeambiwa wanatumia kondo moja lakini kila mmoja yuko kwenye chupa yake. Ultrasaundi ya juzi inaonyesha wa kwanza ametanguliza kichwa, ana gramu 1,750, na wa pili amelala kukingama, gramu 1,480. Presha ilisoma 136/88, mkojo safi. Daktari wa hospitali ya Bombo anataka wiki ya 34 nihamie mjini Tanga na watoto wazaliwe wiki ya 36. Mama mkwe anasema mimba ni miezi tisa, kwa nini watoto watolewe hawajaiva. Mume wangu anauliza nikakae mjini kufanya nini na mimi siumwi. Tukihama itabidi nikae kwa shangazi Makorora. Je, siwezi kusubiri uchungu nyumbani? Na kisu ni lazima?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Pole na mzigo huo, na hongera kwa kutokosa kliniki, maana haya uliyoniandikia yametoka kwenye kadi iliyojazwa vizuri na yananipa pa kushika.

Nianze na jibu lenyewe. Hamia mjini wiki ya 34 kama ulivyoambiwa, na kama shangazi ana nafasi, nenda hata wiki ya 33. Uchungu usikukute Mwera. Kuhusu kisu, kwa jinsi watoto walivyolala leo si lazima, ila uzalie mahali ambapo chumba cha upasuaji kinafanya kazi usiku na mchana.

Katika barua yako yote, kilichonifanya nikae sawa ni hilo kondo moja. Mapacha wengi kila mmoja ana kondo lake, na hao wakikua vizuri tunaweza kuwasubiri mpaka wiki ya 37. Wa kwako wametokana na yai moja lililogawanyika, na kondo lao ni la shirika: mishipa ya mmoja imeungana na ya mwenzake humo ndani, damu inapita huku na huku kama maji kati ya majaruba mawili yaliyochimbwa mfereji mmoja. Kwa walio wengi inapita kwa uwiano na hakuna anayedhurika. Lakini katika mimba 100 za namna hii, 10 hadi 15 hivi huharibika uwiano. Mmoja anakuwa mtoaji, mwenzake mpokeaji. Mtoaji anadumaa na maji yake yanapungua, mpokeaji anazidiwa na damu na maji yake yanajaa kupita kiasi. Mara nyingi hilo hutokea kati ya wiki ya 16 na ya 26, kwa hiyo sehemu kubwa ya hatari hiyo umeshaivuka, namshukuru Mungu pamoja nawe. Haijaisha kabisa, ndiyo maana ultrasaundi yako ni ya kila wiki mbili na si ya mara moja moja. Ukienda, muulize anayekupima: maji ya kila chupa yakoje? Kama ya mmoja yameshuka chini ya sentimita 2 na ya mwenzake yamepita 8, hiyo si habari ya kurudi nayo nyumbani.

Sasa hili la wiki ya 36, ambalo mama mkwe wako analiuliza kwa haki kabisa. Mtoto mmoja wa mapacha wa kondo moja akifia tumboni, presha ya upande wake inaporomoka ghafla, na damu ya aliye hai inakimbilia kule kupitia ile mishipa ya shirika. Ndani ya muda mfupi yule aliyebaki anaweza kufa naye au kuumia ubongo, na hata tukimtoa mbio mbio hatuwezi kuirudisha damu iliyokwisha kimbia. Hatari hii inapanda mimba ikishavuka wiki ya 36, ilhali mtoto wa wiki 36, kwa kawaida, mapafu yake yanamtosha. Ndipo mizani inapogeukia. Mwongozo wa Uingereza, wa taasisi ya NICE, unaweka mapacha kama wako wiki ya 36, na wale wenye kondo mbili wiki ya 37. Wapo pia mapacha wa kondo moja na chupa moja, ambao vitovu vyao huweza kusokotana. Hao hutolewa kwa upasuaji kati ya wiki ya 32 na ya 34. Nalitaja kwa ajili ya msomaji mwingine mwenye kadi tofauti na yako, asije akachukua tarehe yako akaifanya yake.

Mwambie mama, kwa adabu, kwamba miezi tisa ni hesabu ya mtoto mmoja. Katika akina mama 100 wenye mapacha, kama 60 huanza uchungu wenyewe na kuzaa kabla ya wiki ya 37, bila daktari kugusa kitu. Kwa hiyo hata tukikaa kimya, mimba yako huenda isifike tarehe anayoihesabu yeye. Wewe na mumeo mnachoweza kuamua ni utakuwa wapi siku hiyo.

Na hapa namgeukia mume wako. Kaka, unasema mkeo haumwi, na ni kweli haumwi. Lakini fuatisha safari yenu usiku. Chupa inapasuka saa nane. Mtoto wa pili amekingama, wa kwanza kichwa bado kinaelea, hakijaziba mlango. Maji yanapotoka kwa kishindo, kitovu kinaweza kuteremka nayo kikatangulia mbele ya mtoto. Kitovu kikitangulia tunahesabu dakika. Ninyi mnatafuta pikipiki au gari mpaka Bweni, halafu kivuko, halafu Pangani mjini, na kutoka pale mpaka Tanga kuna kilometa zinazokaribia 50. Hospitali ya wilaya ya Pangani itakusaidia kwa mengi, lakini mapacha njiti wa kondo moja wanahitaji vilevile wodi ya watoto wachanga yenye oksijeni, joto la kutosha na watu wa kuwaangalia saa zote. Kutoka Makorora mpaka Bombo ni bajaji moja, na hakuna mto katikati.

Ukiwa Makorora huna haja ya kupanga foleni Bombo kila siku. Presha na mkojo unaweza kupimwa kituo cha afya hapo hapo Makorora mara mbili kwa wiki, na Bombo ukaenda kwa ultrasaundi na siku za daktari bingwa.

Kama jambo litatokea kabla hujahama, pigeni 115. Ni namba ya bure ya m-mama, mfumo wa serikali wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wazazi na watoto wachanga. Anayepokea atauliza uko wapi na una dalili gani, kisha ataita gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa aliye karibu. Semeni mapema kabisa: mapacha, kondo moja, wiki fulani, tuko upande wa Mwera. Maneno hayo yanabadilisha wapi watakupeleka. Namba hiyo iwe kwenye simu ya kila mtu nyumbani, pamoja na ya mama mkwe.

Turudi kwenye gramu zako, maana najua zimekutisha. Chukua mkubwa, toa mdogo: 1,750 kutoa 1,480 ni 270. Gawanya 270 kwa uzito wa mkubwa, unapata asilimia 15 na kidogo. Tofauti ya namna hiyo tunaivumilia. Ikifika asilimia 20, yaani kama mdogo angekuwa na gramu 1,400, tungekuita mara nyingi zaidi na kupima jinsi damu inavyopita kwenye kitovu chake. Ikifika 25 ni jambo la bingwa siku hiyo hiyo, na tarehe ya kuzaa inaweza kuwahishwa. Ukumbuke pia kwamba ultrasaundi haimweki mtoto kwenye mzani. Inakadiria kwa kupima kichwa, tumbo na paja, na inaweza kupishana na uzito wa kweli kwa asilimia 10 hadi 15. Ndiyo sababu kipimo kimoja hakitoshi kututuliza wala kututisha. Tunaangalia mwendo: huyu mdogo, kati ya kipimo cha juzi na kijacho, ameongezeka? Akisimama pale pale huku mwenzake anapanda, hapo nitakuwa na wasiwasi hata kama asilimia bado ni nzuri.

Presha yako, 136/88, haijafika 140/90 tunapoanza kuiita presha ya mimba, lakini imesimama mlangoni. Mapacha huongeza uwezekano wa kifafa cha mimba mara mbili hadi tatu ukilinganisha na mimba ya mtoto mmoja, na mara nyingi huanza kimya kimya katika wiki hizi ulizomo. Ndiyo sababu simwamini mtu anayesema "siumwi" wiki ya 33 ya mapacha kabla sijaona mashine imesema nini. Kama mnaweza kununua mashine, chukueni ya mkono wa juu, siyo ya kifundo. Kaa dakika tano umeegemea kiti, miguu chini, hujatoka kupanda ngazi wala kubishana na mtu, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Andika namba na saa. Ikisoma 140/90 au zaidi, pumzika na urudie. Ikibaki hapo, nenda siku hiyo. Ikifika 160/110 usirudie kupima nyumbani, ni dharura, hata kama unajisikia vizuri.

Na hata mashine isiposema kitu, mwili wako ukisema, usikilize. Kichwa kinachouma kisisikie panadoli. Macho kuona ukungu au vimulimuli. Maumivu chini ya mbavu, upande wa kulia au katikati, ambayo wengi huyaita tumbo la chakula au gesi wakanywa tangawizi. Nimeona yakigeuka kifafa, kwa hiyo usiyatibu na tangawizi. Uso na mikono kuvimba ghafla hadi pete haitoki. Miguu kuvimba jioni peke yake ni kawaida ya mapacha, usihangaike nayo. Damu ukeni, hata matone, maji kutoka, tumbo kukaza na kuachia kila baada ya dakika chache, tumbo kuwa gumu kama ubao na kuuma bila kuachia, au tumbo kukua ghafla ndani ya siku mbili tatu mpaka unashindwa kupumua. Kujikuna viganjani na nyayoni bila upele, hasa usiku, nako useme kliniki, kuna ugonjwa wa ini wa ujauzito unaoanza hivyo na mapacha huupata zaidi.

Kucheza kwa watoto ni jambo la kulizoea wewe mwenyewe. Huwezi kila mara kujua nani amepiga, ila wiki hizi utakuwa umeshajua kwamba yule wa chini hupiga upande huu na yule aliyekingama hupiga juu ya kitovu chako au ubavuni. Mmoja akinyamaza, lala kwa ubavu, tulia, msubiri. Asipoonyesha uchezaji wake wa kawaida, usingoje kesho wala kunywa soda ya baridi kumwamsha. Watoto hawapunguzi kucheza kwa sababu uchungu umekaribia. Kinyume chake husemwa sana vijiweni na kimechelewesha wengi.

Sasa kisu. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Toronto, Kanada, wa wanawake wapatao 2,800 katika nchi 25, wote wakiwa na mapacha ambao wa kwanza ametanguliza kichwa, kama wako. Nusu walipangiwa upasuaji, nusu wakapangiwa kuzaa kawaida. Madhara makubwa kwa watoto yalikuwa karibu sawa pande zote, kama 2 katika 100. Kwa hiyo mtoto wa kwanza akiwa kichwa chini, na mikono yenye uzoefu ipo, kuzaa kawaida ni njia ya heshima na salama, na wewe tayari umeshazaa mara moja kawaida. Lakini usome na upande wa pili wa utafiti huo: kati ya waliopangiwa kuzaa kawaida, 44 katika 100 waliishia kwenye kisu, na kama 4 katika 100 walizaa wa kwanza kawaida na wa pili kwa upasuaji. Hiyo ndiyo sababu nasisitiza hospitali yenye chumba cha upasuaji, hata kwa mama anayetarajia kusukuma.

Kuna mambo yatakayoigeuza mipango. Wa kwanza akijigeuza akatanguliza matako au akakingama, tutakupasua. Kondo likiwa limeziba njia, mtoto akionyesha kuchoka kwenye moyo, presha ikapanda vibaya na mlango wa kizazi bado umefunga, au wa pili akiwa mkubwa sana kuliko wa kwanza, vilevile. Kwako mkubwa ndiye aliye mbele, na hilo ni jambo jema. Huyu wa pili kukingama wiki ya 32 hakuamui chochote. Ana wiki za kugeuka, na hata asipogeuka, nafasi hupatikana mwenzake akishatoka.

Nikueleze inavyokuwa leba, ili usije ukashtuka kuona watu wengi wamekuzunguka. Mshipa wako utawekewa kanula, mrija mdogo wa dripu, mapema na damu yako itakuwa imepimwa kundi. Mioyo miwili inasikilizwa kila mmoja kivyake, na mhudumu asiridhike mpaka asikie mapigo mawili yenye kasi tofauti, asije akamsikiliza mtoto mmoja mara mbili. Wa kwanza akitoka, kitovu chake kinabanwa vizuri pande zote mbili kabla ya kukatwa, maana kwa kondo moja damu ya mwenzake inaweza kuvuja kupitia hapo. Wakati huo huo mkunga anaweka viganja viwili kwenye mbavu za tumbo lako na kumshikilia wa pili asijinyooshe kukingama. Daktari anaangalia kilichotangulia. Kama ni kichwa au matako, tunasubiri kishuke. Kama ni bega, anamgeuza kwa mkono kupitia juu ya tumbo, au anaishika miguu yake ndani na kumtoa taratibu. Chupa ya pili haipasuliwi kwa haraka. Uchungu huwa unapoa kidogo hapo katikati; usiogope, dripu ya oksitosini huurudisha. Mara nyingi wa pili hufuata ndani ya nusu saa. Na ile sindano ya oksitosini uniti 10, ya kuzuia damu, haichomwi mpaka wa pili naye atoke. Kwenye vituo ambako mama hakuwahi kupigwa ultrasaundi, sindano hiyo huchomwa wa kwanza akitoka, halafu ndipo hugundulika kuna mwingine ndani, na mfuko wa uzazi umeshamkaba. Mkunga yeyote anayesoma hapa: papasa tumbo kwanza.

Baada ya hapo ndipo ninapokaza macho kuliko wakati wote. Mfuko uliobeba wawili umevutika sana, na unaweza kulegea ukashindwa kujikaza, damu ikatoka nyingi. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika hospitali za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini: damu ikipimwa kwa shuka la plastiki lenye alama badala ya kukisiwa kwa macho, na tiba zote zikatolewa kwa mpigo mmoja, matukio mabaya ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60. Kwa upande wako, ukihisi kizunguzungu, baridi au maji maji ya moto yanakutiririka chini ya kanga, sema kwa sauti, usione aibu ya kusumbua wauguzi. Kwa upande wa mume wako, achukue ndugu wawili watatu wakachangie damu kabla ya wiki ya 36. Benki ya damu haijazi chupa yenyewe. Mwulize pia daktari hemoglobini yako, yaani wingi wa damu, sasa ni ngapi. Ikiwa chini ya 11, hizi wiki nne ni za kuipandisha. Meza FEFO, kidonge cha madini ya chuma na foliki asidi, kila siku, kwa maji au chungwa la Muheza, na chai ya rangi au ya maziwa iwe saa moja mbali na kidonge. Dagaa, samaki, maharage, mchicha, kisamvu. Udongo wa kula uache, unazuia madini ya chuma na unaleta minyoo. SP ya malaria kila mwezi ukipewa kliniki, na chandarua kihame nawe.

Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, usiziguse, hata akikuletea mtu unayempenda. Hakuna anayejua kipimo chake, na mfuko uliovutika kwa mapacha ukikazwa kwa nguvu unaweza kuchanika au kuwanyima watoto hewa. Vilevile kukandwa tumbo ili huyu aliyekingama ageuke. Kondo linaweza kubanduka. Nalisema hili kwa uchungu wa kweli, kwa sababu wanaotoa dawa hizo huwa wanataka heri.

Watoto hawajaiva? Kama uchungu utaanza kabla ya wiki ya 34, na ukiwa hospitali, utachomwa deksamethasoni, miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne, kukomaza mapafu yao. Inafanya kazi vizuri zaidi ikipata siku moja au mbili kabla ya kuzaa, na hiyo ni sababu nyingine ya kufika mapema. Haichomwi kwa mama yeyote tu ili "kujihami", wala si ya kuchomewa duka la dawa. Sukari hupanda, na mama mwenye maambukizi inaweza kumdhuru.

Wakizaliwa wiki ya 36 wengi huwa na kilo mbili na kitu, wanapumua wenyewe, ila wanapoteza joto upesi na wanachoka kunyonya. Hapa ndipo mama mkwe wako anapohitajika kuliko mtu yeyote. Mtoto anavuliwa, anabaki na kofia, soksi na nepi, anawekwa kifuani ngozi kwa ngozi na kufungwa kwa kanga, usiku na mchana. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwamo, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wadogo walioanzishiwa kangaruu, yaani kubebwa hivyo kifuani, mara tu baada ya kuzaliwa walikufa pungufu kwa robo kuliko waliosubirishwa mpaka watulie. Wewe una kifua kimoja na watoto wawili. Wakati mwingine watakaa wote kwako, wakati mwingine mmoja akae kwa bibi yake au baba yake. Joto la mwanamume linatosha. Bibi aliyesema watoto hawajaiva, mkabidhi mmoja amuivishe kifuani. Maziwa ya kwanza ya njano yakamuliwe hata kama ni matone, yapewe wote wawili. Asiyeweza kunyonya apewe kwa kikombe au mpira mwembamba wa kulishia. Waamshe kila saa mbili au tatu, mtoto njiti huweza kulala njaa bila kulia.

Ukiruhusiwa, usivuke mto mara moja. Presha ya kifafa cha mimba haiondoki na kondo. Mara nyingi hupanda siku ya tatu hadi ya sita baada ya kuzaa, wakati mama ameshazungukwa na wageni na hakuna anayempima. Kaa Makorora walau wiki nzima baada ya kutoka wodini, upimwe presha siku ya tatu na tena siku ya saba, watoto wapimwe uzito, ndipo mwondoke. Kwa hiyo mume wako asipange gharama za wiki mbili. Apige hesabu ya wiki tano: mbili za kusubiri, moja ya kuzaa na wodi, nyingine kama mdogo atabakizwa mpaka anyonye vizuri, na moja ya kupima. Nauli ya kurudi aiweke kando tangu sasa, isiliwe.